Madumu Kumi na Mawili ya Mzee Sadala

Mzee Sadala alipohamia Masuguru, kitu cha kwanza kushuka kwenye lori hakikuwa kitanda wala kabati la vyombo. Yalishuka madumu. Majirani waliojitokeza kumlaki walihesabu madumu ishirini na matatu, mapipa mawili, ndoo za kila umri, na beseni moja lililotoboka ambalo mwenyewe alisema bado linashika hadi nusu. Kitanda kilishuka mwisho kabisa, mguu mmoja umevunjika, kwa sababu mapipa yalikuwa yamekilalia tangu Handeni.

Na nyumba ilikuwa na bomba uani. Bomba zima, la maji yanayotoka asubuhi na jioni, yakikatika leo kesho yamerudi. Jirani wa mkono wa kulia, Habakuki, Msambaa wa makamo aliyekuwa akishusha mboga kutoka milimani na kuziuza sokoni Korogwe, alimfungulia ili aone. Maji yakaruka. Sadala akayatazama kama mtu aliyepewa noti asiyoiamini.

"Leo yanatoka," alisema. "Tuonane kesho."

Akaenda kuchukua ndoo. Tangu siku hiyo hakuna chombo kilicholala tupu katika nyumba ile, na ukienda chooni ilibidi upite upande upande kati ya mapipa. Majirani wakampa jina, Mzee Madumu. Alilisikia, akadhani wanamsifu.

Alikuwa na miaka sitini na moja, mzaliwa wa Chanika mjini Handeni, na miaka thelathini na minne ya maisha yake alikuwa tarishi katika ofisi moja ya umma. Kazi yake ilikuwa kutoa faili mlango huu na kulipeleka mlango ule, na ukimsikiliza vizuri utaambiwa kwamba siku alizougua malaria nchi ilisimama. Alipostaafu alijenga Masuguru kwa sababu mbili: mto uko karibu, na barazani unaiona milima ya Usambara imejipanga kaskazini. Aliiita "milima yangu". Mgeni akija, hata aliyekuja kuomba chumvi, lazima akalishwe kwenye benchi la barazani aonyeshwe kwa kidole kilele hiki na bonde lile, na majina yake. Majina yenyewe alikuwa akiyatunga. Habakuki aliyezaliwa huko juu alikuwa akisikiliza kwa adabu, anaitikia "ndiyo mzee", halafu anakwenda kucheka na mkewe Hosiana ndani.

Ukweli ni kwamba Mzee Sadala hakuwahi kupanda mlima wowote. Mwisho wake ulikuwa Mombo, barabarani.

Sasa kuhusu maji, haki itendeke. Handeni ya miaka ile ilikuwa na kiu ya kweli. Septemba ikiingia, kisima kilikuwa kinakohoa badala ya kutoa maji, na mtu akiona kidimbwi njiani hakuuliza ni cha nani wala kina nini ndani, alichota. Aliyesema "nitachota nikirudi" alirudi akakuta matope. Hilo si jambo la kucheka, na mtu aliyekulia humo akiogopa chombo kitupu asilaumiwe.

Lakini haki ikitendeka itendeke mpaka mwisho. Aliyekuwa akiamka saa tisa za usiku kwenda kisimani hakuwa Sadala. Alikuwa mkewe Rukaya, dumu kichwani, mtoto mgongoni, kilomita nne kwenda na nne kurudi. Sadala alikuwa amejiteua msimamizi wa foleni. Alikuwa akifika jua likishachomoza, amevaa koti la kazini, anawapanga wanawake na kuwakemea wanaochungulia mbele. Kwa miaka thelathini na mitano, aliyebeba maji ni Rukaya, aliyeyasimulia ni Sadala. Na leo ukikaa naye barazani atakuambia, huku akitikisa kichwa kwa uchungu, "Sisi tumeteseka na maji, bwana." Rukaya akiwa jirani utamwona ameinamia mchele wake anachambua, kimya.

Rukaya alikuwa na dada mmoja tu, Zamda. Huyu alikwenda kumsaidia shangazi yao kule Mazinde akiwa msichana, akaolewa na mkata mkonge mmoja, Mbaruku, Msambaa. Mbaruku alipochoka na miiba ya mashamba alimchukua mkewe wakapanda kwao Kwamzuza, kijiji kilicho juu ya Soni, wakalima kabichi na karoti. Mwezi wa nne mwaka huu, masika imepamba moto, Mbaruku alifariki.

Rukaya alifunga kanga mara mbili kiunoni aende. Sadala akamzuia. Mvua, alisema. Barabara, alisema. Na mafundi wanapaua banda la uani, nani atawapikia? Rukaya akawapikia mafundi. Ndugu yake akazikiwa mume akiwa peke yake kati ya watu wa ukweni, na hilo Rukaya hakulisahau, wala hakulisema sana. Alimpigia simu dada yake, wakalia wote wawili mpaka salio likaisha. Kabla halijaisha aliahidi neno moja: "Siku ya kutoka eda nguo nitakuvika mimi."

Katika ukoo wa akina Mbaruku, mjane akimaliza eda yake, miezi minne na siku kumi, huogeshwa, huvuliwa shuka jeupe, na huvishwa nguo mpya na ndugu yake wa damu kabla ya adhana ya adhuhuri. Asipotokea ndugu, mawifi watamvika, hawatamwacha uchi. Ila kuanzia siku hiyo atajulikana kuwa ni mtu asiye na kwao. Atasemwa hivyo shambani, kisimani, kwenye ugomvi wa mpaka, na siku akifa. Zamda alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tano asiye na mtoto. Kuwa na kwao ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho.

Kwa hiyo Rukaya alishona. Miezi mitatu alikaa na cherehani yake ya mkono, akashona gauni la kitambaa cha zambarau chenye maua, akapiga darizi shingoni kwa sindano. Akaongeza doti ya kanga, mtandio, na kichupa cha mafuta mazuri. Vyote akavikunja ndani ya begi dogo jekundu.

Siku yenyewe iliangukia Septemba, Jumamosi. Mabondeni kulikuwa kukavu, mkonge umevaa vumbi, na milima kule mbali ilikuwa ya bluu kama kawaida yake. Habakuki alikuwa akipanda kufuata kabichi kwa kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo chenye injini ya kukoroma, na kwa kuwa kinapanda kitupu alijitolea kuwapeleka bure na kuwarudisha jioni.

Neno "kitupu" ndilo lililoharibu.

"Kinapanda kitupu?" Sadala aliuliza, kama aliyeambiwa kuna dhambi inatendeka. "Milimani? Kwenye chemchemi?"

Saa kumi na mbili asubuhi Habakuki alipotoka nje alikuta madumu kumi na mawili yamepangwa nyuma ya gari lake, yamefungwa kamba.

"Shikamoo mzee. Haya ni ya nini?"

"Marahaba. Ya maji."

"Mzee, si bomba lako linatoka?"

"Hilo ni maji ya bomba. Mimi nafuata maji ya mlima. Maji ni uhai, Habakuki."

"Sawa, mzee. Ila kurudi nitakuwa na kabichi magunia kumi. Hayo madumu yatakaa wapi?"

Sadala alifikiri kidogo. "Mungu atatoa nafasi," alisema.

Rukaya alikuwa ameshaliweka begi lake jekundu nyuma ya gari, pembeni, amelifunika kwa turubai. Kisha akaenda kumwachia Hosiana ufunguo na maelekezo ya kuku. Hapo ndipo Sadala alipolikuta begi limebanana na dumu la kumi na mbili. Haikuwa roho mbaya, na hili lisemwe. Alifikiri: madumu yakijaa yatavuja, begi litalowa, mke wangu atanuna. Akalitoa, akaliweka kwenye benchi la barazani, dakika moja tu, ili alihamishie mbele. Halafu akaona vifuniko viwili vya madumu havikazi. Akaenda kutafuta karatasi za nailoni za kukazia. Alipozipata alifurahi sana, akakaza, akahesabu vifuniko, akahesabu tena, akaingia garini. Begi likabaki kwenye benchi, linaitazama milima.

Walikaa watatu mbele, wamebanana. Rukaya alikaa dirishani, Sadala katikati na mkono wa gia ukimgonga goti kila Habakuki alipobadilisha. Mpaka Mombo mambo yalikwenda vizuri. Sadala alisimulia historia ya milima, kona zake na hatari zake, na jinsi alivyokuwa akipanda enzi za ujana kwa kazi za serikali. Habakuki aliitikia "ndiyo mzee". Walipoacha barabara kuu wakaanza kupanda, na kona ya kwanza ikafuatwa na ya pili, msimulizi akanyamaza. Kona ya tano akaomba ndimu. Kona ya saba gari likasimama, mzee akainamia ukingo wa barabara, akaurudishia mlima chai na vitumbua vya Hosiana.

"Ni yale mafuta ya kupikia," alisema akipangusa mdomo. "Milima mimi nimeizoea."

Rukaya akatazama saa kwenye simu yake. Saa mbili na robo. Hakuna tabu, kulikuwa na muda wa kutosha na kubaki.

Ndipo Sadala alipoinua macho akaona. Upande wa pili wa barabara, kwenye mwamba, maji yalikuwa yanateremka. Hakuna foleni. Hakuna msimamizi. Yanateremka tu, yanapita chini ya barabara na kuingia mtoni, na watu wanayapita bila hata kugeuka. Sadala akashika kifua.

"Yanamwagika," alisema. "Habakuki, yanamwagika bure!"

"Yako hivyo siku zote, mzee. Tutachota tukirudi."

"Tukirudi!" Sadala alimtazama kwa huruma. "Wewe hujakaa Handeni."

Basi ikawa kila baada ya kona mbili, mzee anamlalia mkewe mapajani kuchungulia dirishani, anapiga kelele, gari linasimama. Lakini kuchota hachoti. Sasa kwa kuwa maji yamekuwa mengi, bwana mkubwa amekuwa mchaguzi. Ya kwanza aliyaonja akasema mazito. Ya pili yanakimbia mno, hayana utulivu. Ya tatu yalipita karibu na mgomba, akasema yana harufu ya mgomba. Mtu aliyekunywa maji ya dimbwi pamoja na viluwiluwi vyake kwa nusu karne alisimama Usambara akiyasukutua maji ya chemchemi mdomoni na kuyatema kwa dharau. Walifika Soni saa nne.

"Baba Sabiri," Rukaya alisema, na Sabiri ni mtoto wao aliye Dar es Salaam, "dada ananingoja."

"Tutafika, Mama Sabiri. Njia hii naijua."

Kupita Soni waliacha lami wakashika barabara ya udongo mwekundu, na kilomita moja mbele wakakuta bomba la chuma limechomekwa kwenye mwamba na watu wa zamani, linatoa maji membamba kama kidole, masafi, baridi. Sadala akaonja. Akafumba macho.

"Haya," alisema.

Ilikuwa saa nne na nusu. Kwanza madumu yalipaswa kuoshwa. Kila moja mara tatu, kwa mchanga na majani, maana maji haya hayawekwi kwenye chombo kichafu. Kisha yakaanza kujazwa, na kidole kile cha maji kilihitaji dakika tano na zaidi kwa dumu moja. Habakuki alisaidia ili yaishe haraka. Rukaya alibaki amesimama kando ya gari. Dumu la tatu likajaa, la nne likajaa. Kuna mahali mtu anafika, hata mtu wa kuchambua mchele kimya, na Rukaya alifika dumu la saba.

"Sadala," alisema. Habakuki akashtuka, kwa sababu hakuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina. "Hiyo ni saa sita kasorobo. Hata siku ya kuzika ulinizuia. Tuondoke."

"Bado matano tu. Mtu haachi maji nusu."

"Mimi nimebeba maji yako miaka thelathini na mitano. Leo siyabebi. Tuondoke!"

"Mama Sabiri, usinipandishie sauti mbele za watu. Haya maji ni ya nani kama si yako?"

Pikipiki ilikuwa inapanda, na aliyeiendesha alikuwa Yordani, mkulima wa huko anayefahamiana na Habakuki, anarudi Kwamzuza. Rukaya hakuomba ruhusa ya mtu. Alimsimamisha, akampa salamu, akaomba lifti mpaka msibani kwa marehemu Mbaruku. Yordani akasema apande. Rukaya akazunguka nyuma ya gari kuchukua begi. Akafunua turubai. Akasogeza dumu moja, akasogeza la pili.

"Begi langu liko wapi?"

Sadala alikuwa ameinama bombani, na mgongo wake ulianza kujua kabla kichwa hakijajua. Akanyooka polepole. Maji ya dumu la nane yakafurika yakamlowesha viatu, wala hakuyafunga.

"Niliweka kwenye benchi," alisema. "Lisije likalowa."

Habakuki alisimulia baadaye kwamba alitamani ardhi impokee yeye, asiyehusika. Rukaya hakupiga kelele. Alitazama madumu, moja moja, mpaka la kumi na mbili. Kisha akapanda pikipiki mikono mitupu, Yordani akatia gia, wakapotelea kwenye kona na vumbi lao.

"Twende, mzee," Habakuki alisema. "Twende sasa hivi."

Na hapa msomaji angependa kusikia kwamba Sadala aliyaacha madumu, akaruka garini. Sivyo. Alitazama bomba, akatazama madumu manne yaliyobaki matupu, akasema kwa sauti ndogo, "Yamebaki manne tu." Akachota manne.

Mlima wa mwisho kabla ya Kwamzuza ni mkali, na kirikuu kilichobeba madumu kumi na mawili yaliyojaa kilifika nusu kikaanza kurudi nyuma. Habakuki akavuta breki ya mkono, akaomba madumu sita yashushwe. Sadala akakataa. Akaomba basi hata manne. Sadala akasema hapana, kama ni uzito atashuka yeye. Akashuka. Gari likapanda na maji, mwenye maji akafuata kwa miguu, amekunja suruali, anahema, viatu vinalia kwa maji aliyojimwagia mwenyewe. Katikati ya mlima huo akasikia adhana ya adhuhuri inatoka kijijini. Alisimama kidogo. Kisha akaendelea kupanda, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya.

Nyumba ya marehemu Mbaruku ilikuwa kwenye mteremko, na kando ya uwanja kijito kilipita kwa haraka zake. Karibu na jiko kulikuwa na mpira mweusi uliovutwa kutoka mlimani, unamwaga maji kwenye karo la mawe mchana na usiku. Mkono wa Sadala ulikwenda wenyewe kuyafunga. Akatafuta koki, hakuna koki. Huko kwao hawajawahi kuihitaji.

Akajikaza. Mtu hafiki kwa watu mikono mitupu, na yeye alikuwa na zawadi. Akateremsha madumu mawili, moja kila mkono, akayaburuza mpaka kwenye turubai walipoketi wanawake, akatoa salamu ya nguvu. Salamu ikajibiwa kidogo. Akatafuta mjane kwa macho.

Zamda alikuwa ameketi kwenye kiti, amepakwa mafuta, amevaa gauni la kijani la mikono mirefu. Sadala alilifahamu gauni lile. Lilikuwa gauni la Idi la Rukaya, gauni lake pekee la kutokea, alilotoka nalo nyumbani asubuhi ile. Na pembeni ya Zamda, mkekani, ameketi mwanamke aliyejitanda shuka jeupe la eda kutoka kichwani hadi miguuni. Sadala alimtazama mara moja akadhani ni mjane mwingine. Alimtazama mara ya pili. Alikuwa mkewe.

Yaliyopita alikuja kuyasikia kwa vipande. Rukaya alifika zikiwa zimebaki dakika chache, mawifi wameshashika nguo waliyoinunua wao ikiwa ndugu hatatokea. Aliingia ndani, akavua gauni lake, akamvika dada yake kwa mkono wake mwenyewe. Mmoja akasema nguo imevaliwa, desturi inataka mpya. Wifi mkubwa, kikongwe ambaye neno lake ndilo la mwisho, akasema iliyotoka mwilini mwa ndugu wa damu inapita mpya ya dukani, na asiyependa akae nje. Adhana ikaita. Kwa kuwa Rukaya amebaki na gaguro tu, na nguo za Zamda za zamani zilikuwa zimeshagawiwa kama inavyotakiwa, na ile ya mawifi hakutaka kuivaa, aliokota shuka jeupe alilolivua dada yake, akajitanda.

Sadala akiwa bado amesimama, aliingia bibi mmoja wa kijiji cha pili, macho yake hafifu, amechelewa kama Sadala. Aliona shuka jeupe, akaenda moja kwa moja kwa Rukaya, akamshika mkono.

"Pole, mwanangu. Ni kazi ya Mungu. Mume aliugua muda mrefu?"

Rukaya aliinua uso, akamwona mumewe amesimama na madumu yake mawili.

"Hakuugua, bibi," alisema. "Alikwenda kuchota maji, hakurudi."

Aliyecheka kwanza ni wifi mkubwa. Kisha wakacheka wote, kicheko kile cha wanawake waliobeba maji, kinachoanzia kiunoni, na mmoja aliyesema astaghfirullahi aliisema huku akijifuta machozi. Bibi hakuelewa, akaendelea kutoa pole. Sadala alibaki ameyashikilia madumu yake.

Zamda hakucheka. Alisimama, akaja mpaka kwake.

"Karibu, shemeji," alisema. "Mwezi wa nne tulikungoja mpaka alasiri, tukamzika. Leo nisingekungoja, maana ndugu yangu amekuja."

"Nimewaletea maji," Sadala alisema.

"Nimeyaona. Yaweke hapo kwenye kijito."

Saa tisa Habakuki alirudi na vijana waliombebea magunia yake kumi ya kabichi kutoka shambani kwa nduguye, akasimama nyuma ya gari akiyatazama madumu kwa adabu. Mungu hakuwa ametoa nafasi. Sadala mwenyewe aliyafungua madumu, moja baada ya jingine, akayamwaga kwenye mteremko, na maji yakatafuta kijito yakaingia, yakashuka zake kuelekea Soni. Magunia yakapakiwa. Madumu matupu yakafungwa kwa kamba ubavuni na juu ya kabichi.

Rukaya alikuja mpaka garini akiwa bado na lile shuka. Sadala akasogea mlangoni ampishe dirishani, kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa.

"Panda, Mama Sabiri. Jua linaondoka."

"Mimi nabaki."

"Unabaki! Mpaka lini?"

"Nitakaa kidogo na dada yangu."

"Kidogo kiasi gani?"

Rukaya alifikiri, au alijifanya kufikiri.

"Miezi minne na siku kumi," alisema.

Njia nzima ya kuteremka Sadala hakusimulia historia ya mlima wowote. Walipita bomba la chuma, halikusemwa. Walipita yale maji yanayoteremka kwenye mwamba, Habakuki akapunguza mwendo kwa uungwana, mzee akatazama upande wa pili. Ila alitapika tena, kona ileile, na safari hii hakuyalaumu mafuta ya mtu.

Walifika Masuguru kabla ya magharibi. Hosiana alikuwa uani kwake, akauliza mama yuko wapi, mumewe akamfanyia ishara anyamaze. Bomba lilikuwa linatoka. Mapipa mawili yamejaa, ndoo zimejaa, na beseni lililotoboka limejaa hadi nusu. Sadala aliyapita yote akaenda barazani.

Begi jekundu lilikuwa pale pale kwenye benchi. Akakaa kando yake, akafungua zipu, akaingiza mkono kati ya gauni na kanga, akapapasa mpaka chini. Halikuwa limelowa popote.